Vivinjari vyepesi vyenye picha kwa Linux isiyo na mfumo wa madirisha: tuliyoyaona Masasi

Mwanzisha uzi, Masasi

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba niweke hapa jambo ambalo nimelifanyia kazi kwa miezi kadhaa, kwa sababu naamini wapo wengine katika mikoa yetu ya kusini wenye mashine kama zangu ambao wamekwisha kukata tamaa nazo.

Nafundisha katika shule ya sekondari wilayani Masasi. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine tisa zilizokuja kama msaada. Saba kati ya hizo zina RAM ya megabaiti 512, na mbili zilizobaki zina gigabaiti 1. Zote ni za biti 32, yaani za kizazi cha zamani. Aliyetuletea alikuwa ameziwekea mfumo endeshi mzito kuliko uwezo wake, na kwa mwaka mzima wanafunzi walikuwa wakiwasha mashine, wanakaa, wanasubiri, mpaka kipindi cha dakika 40 kinakwisha huku kitaa cha diski kinawaka bila kupumzika. Kivinjari kikifunguka kinameza RAM yote, mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na kuanzia hapo hata kishale cha kipanya hakisogei.

Tulichofanya kwa zile saba ni kuondoa mfumo wote wa madirisha. Hakuna X, hakuna Wayland (programu zinazochora madirisha kwenye Linux), hakuna eneokazi lenye aikoni. Tumeweka Debian 12, mojawapo ya mifumo ya Linux, ya msingi kabisa, ile ambayo ukimaliza kuisakinisha unakutana na maandishi meupe juu ya kioo cheusi na mahali pa kuandika jina la kuingilia. Kisha tukaweka kivinjari kinachochora kurasa, pamoja na picha zake, moja kwa moja juu ya kioo hicho cheusi.

Wengi wanadhani kwamba bila madirisha huwezi kuona picha, na kwamba kinachobaki ni vivinjari vya maandishi matupu kama Lynx. Sivyo. Kiini cha Linux chenyewe, yaani sehemu ya ndani inayoendesha vifaa vya mashine, kinatoa kitu kinachoitwa fremubafa, yaani sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia rangi ya kila nukta ya kioo, na programu yoyote yenye ruhusa inaweza kuandika humo. Katika mfumo, sehemu hiyo inaonekana kama faili moja tu. Anayetaka kushuhudia kwa macho yake aketi mbele ya mashine yenyewe, si kwa kuingia kutoka mbali, aandike:

`cat /dev/urandom > /dev/fb0`

Kioo chote kitajaa chengachenga za rangi, kama televisheni iliyopoteza mawimbi, kisha amri itasimama yenyewe ikilalamika kwamba nafasi imekwisha. Hakuna kinachoharibika, ukiandika `clear` maandishi yanarudi. Kioo chetu kina nukta 1024 kwa 768, na kila nukta inachukua baiti 4. Zidisha, utapata baiti 3,145,728, yaani megabaiti 3 kamili. Taswira nzima ya kioo haihitaji zaidi ya hapo. Nilipowaandikia kidato cha tatu hesabu hii ubaoni, kisha nikawaonyesha zile chengachenga, walielewa kioo cha kompyuta ni kitu gani kuliko kwa kipindi chochote nilichowahi kufundisha.

Nitaeleza vivinjari viwili ambavyo nimevitumia zaidi, lakini kwanza naomba nisikie kama kuna mwenye swali kuhusu msingi huu.

Mchangiaji, Newala

Mwalimu, pongezi kwa kazi hii. Swali langu ni moja: kwa nini usiweke eneokazi jepesi pamoja na Dillo? Mimi nina kompyuta mpakato ya zamani hapa Newala, nimeiwekea X na kidhibiti madirisha chepesi, na Dillo inafungua kurasa kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi. Nina hofu kwamba unajinyima bure.

Mwanzisha uzi, Masasi

Ndugu yangu wa Newala, hoja yako ni ya haki na sina ugomvi na Dillo hata kidogo. Ni kivinjari kilichoanza mwaka 1999, kikalala kwa miaka mingi bila toleo jipya, kisha mwaka 2024 kikaamka na toleo la 3.1.0. Hata hivyo kinategemea maktaba ya FLTK, na hiyo kwenye Linux inahitaji mfumo wa madirisha. Zile mashine mbili zenye gigabaiti 1 ndivyo nilivyozifanya, sawasawa na yako.

Kwa zile saba nina sababu mbili. Ya kwanza ni RAM. Ninataka kila megabaiti iliyopo iende kwenye ukurasa anaousoma mwanafunzi, isipotee katika tabaka ambazo hazitumii. Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi kwangu, nayo ni bando. Mfumo wenye vifurushi vichache unapakua masahihisho machache. Mtandao wa shule yetu ni modemu moja inayolipiwa kwa vocha, na zamani kila nilipotaka kusasisha mashine tisa nililazimika kuchagua kati ya kusasisha na wanafunzi kusoma. Sasa mashine moja inapakua, nyingine zinachukua kwake, na vinavyopakuliwa ni vichache kwa sababu vilivyosakinishwa ni vichache.

Sasa nije kwenye kivinjari cha kwanza, ambacho ni Links.

Links kilianzia Prague, katika Jamhuri ya Cheki, kikiandikwa na Mikuláš Patočka kama kivinjari cha maandishi. Toleo la 2 liliongezewa uwezo wa kuchora, na uwezo huo hautegemei X peke yake. Kuna kiendeshi cha fremubafa ndani yake. Hapa watu wa Debian wanakosea mara kwa mara. Kuna vifurushi viwili vyenye majina yanayokaribiana: `links`, ambacho ni cha maandishi tu, na `links2`, ambacho kina michoro. Ukisakinisha cha kwanza, utajaribu amri zangu zote na hakuna itakayofanya kazi. Sakinisha cha pili, kisha andika:

`links2 -g -driver fb`

Herufi ile `-g` inaomba michoro, na `-driver fb` inasema ichore kwenye fremubafa. Kioo kinageuka kuwa kijivu, na mstari mwembamba unatokea juu. Bonyeza `g` uandike anwani, bonyeza Esc upate menyu, mshale wa kushoto unakurudisha ulikotoka, na `q` inakutoa. Maandishi hayawi yale ya konsoli yenye pembe kali. Links ina fonti zake yenyewe zilizolainishwa kingo, na mwanafunzi anaweza kuzikuza kutoka kwenye menyu hadi zimfae. Picha za JPEG, PNG na GIF zinaonekana mahali pake ndani ya ukurasa, majedwali yanakaa kama majedwali, na anwani za https zinafunguka bila taabu.

Nina skrini mbili nene za kizamani ambazo zinakata pembe za picha, hivyo herufi za mwanzo wa kila mstari zilikuwa zinapotea. Nilihangaika na vitufe vya skrini yenyewe kwa wiki nzima kabla ya kugundua kwamba Links inakubali kuachiwa pambizo. Ukiongeza `-mode 20` kwenye amri ile, inaacha nukta 20 tupu kila upande, na maandishi yote yanaingia ndani.

Fundi, Lindi mjini

Mwalimu, heshima kwako. Nimefuata hatua zako leo asubuhi kwenye mashine ya mteja. Nimesakinisha `links2` na si `links`, lakini nikitoa amri naambiwa haiwezi kufungua /dev/fb0. Nikiingia kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, inafunguka vizuri kabisa, na nimeona picha ya ngalawa ikiwa na rangi zake zote. Sitaki kumwachia mteja mashine inayotumia intaneti kwa root. Tena, kipanya hakionekani hata kwa root.

Mwanzisha uzi, Masasi

Fundi, umefanya vizuri kukataa kuiacha hivyo. Kivinjari kinapokea vitu kutoka kwa watu usiowajua, na hakipaswi kushika funguo za nyumba nzima.

Andika `ls -l /dev/fb0` uangalie. Utaona kwamba mwenye faili ni root na kundi lake ni `video`. Mtumiaji wa kawaida hayumo katika kundi hilo, ndiyo maana anakataliwa. Mwingize:

`usermod -aG video jina_la_mtumiaji`

Kisha, na hili ndilo linalowaponyoka wengi, mtumiaji huyo lazima atoke na kuingia upya, kwa sababu makundi yanasomwa wakati wa kuingia tu. Mimi mwenyewe nilikaa mbele ya mashine ya nne saa nzima nikidhani amri imekosewa, kumbe sikuwa nimetoka.

Kuhusu kipanya, Links ikiwa kwenye fremubafa hupokea kipanya kupitia huduma inayoitwa `gpm`. Isakinishe na kuiwasha, kipanya kitatokea. Bila hiyo kibodi peke yake inatosha, na wanafunzi wangu wengi sasa wanaona kibodi ni ya haraka zaidi.

Kama /dev/fb0 haipo kabisa, hilo ni tatizo lingine. Angalia kwanza kama kadi ya michoro imepata kiendeshi chake kwenye kiini.

Mchangiaji, Newala

Naomba niulize kwa niaba ya wengine: hizo kurasa zinafanana na zinavyoonekana kwenye simu au kwenye Firefox? Maana nimewahi kuiona Links kwa rafiki yangu, na ukurasa ulikuwa mrefu kama kitenge kilichokunjuliwa, menyu zote zimepangwa juu kwa juu kabla ya kuifikia habari yenyewe.

Mwanzisha uzi, Masasi

Umeona sawasawa. Links haisomi CSS, yaani yale maelezo ya mpangilio na mapambo ambayo ukurasa unakuja nayo. Kwa hiyo kila kitu kinapangwa kwa utaratibu kilivyoandikwa kwenye HTML, lugha inayoandikiwa kurasa: menyu kwanza, kisha vichwa, kisha habari. Kwa Wikipedia ya Kiswahili, kwa mfano, makala huja baada ya orodha ndefu ya viungo. Nimewafundisha wanafunzi kubonyeza alama ya mkwaju `/`, kuandika neno wanalolitafuta, na kuruka moja kwa moja hadi lilipo. Baada ya siku mbili hawalalamiki tena. Hata hivyo sitasema kwamba ukurasa ni mzuri kwa macho, kwa sababu si mzuri.

Anayehitaji mpangilio atazame kivinjari cha pili, NetSurf.

NetSurf kilianza mwaka 2002 kwa ajili ya mfumo wa RISC OS, mfumo uliozaliwa Uingereza kwa kompyuta za Acorn. Kwa kuwa kilizaliwa kwa mashine ndogo, waandishi wake walitengeneza kila kiungo wenyewe kwa lugha ya C badala ya kuazima injini kubwa: kuna maktaba yao ya kusoma HTML inayoitwa Hubbub, nyingine ya CSS inayoitwa LibCSS, na nyingine ya kuchorea kwenye fremubafa. Matokeo ni kivinjari kinachoheshimu mpangilio wa ukurasa kwa kiwango kizuri sana kikilinganishwa na uzito wake. Safu zinakaa ubavuni, rangi za mandharinyuma zinaonekana, vichwa vinasimama mahali pake. Kwenye Debian kifurushi kinaitwa `netsurf-fb`, na kikifunguka kinakuja na vitufe vyake vya kurudi na kwenda mbele, pamoja na sehemu ya kuandika anwani, vyote vikiwa vimechorwa na chenyewe bila msaada wa mfumo wa madirisha.

Nisiwafiche ugumu wake, maana ulinichosha. NetSurf ya fremubafa inaweza kuchora kwa njia mbalimbali, na unaichagua njia kwa `-f`. Nilipochagua njia ya `linux`, ambayo inaandika moja kwa moja kwenye fremubafa, ukurasa ulichorwa vizuri lakini kibodi na kipanya havikusikilizwa. Nilikuwa na picha nzuri ambayo siwezi kuigusa. Kilichofanya kazi ni kupitia SDL, maktaba inayotumiwa sana na waandishi wa michezo ya kompyuta. SDL ya zamani, yaani 1.2, ina kiendeshi chake cha fremubafa, hivyo amri ikawa:

`SDL_VIDEODRIVER=fbcon netsurf-fb -f sdl`

Wenye mifumo mipya yenye SDL 2 watakuta kiendeshi kinachoitwa KMSDRM badala ya fbcon. Kanuni ni ileile.

Kwa megabaiti 512 NetSurf inaenda bila kukwama, ingawa Links inaishinda kwa haraka ya kufungua. Nimeweka vyote viwili: mwanafunzi anayesoma maandishi marefu anatumia Links, na anayehitaji kuona mchoro ukiwa kando ya maelezo yake anatumia NetSurf.

Mwanafunzi wa chuo, Mtwara mjini

Mwalimu, shikamoo. Mimi nasoma hapa Mtwara na natumia mashine ya mtumba yenye gigabaiti 1. Nimeweka vyote viwili jana usiku na nimefurahi mno, lakini ukurasa wa chuo wa kuingiza namba ya usajili unafunguka mweupe mtupu. Kwenye NetSurf naona kichwa tu. Je, kuna mahali pa kuwasha kitu nilichokosa?

Mwanzisha uzi, Masasi

Marahaba. Hujakosa kitu, na sitaki upoteze usiku mwingine kukitafuta. Ukurasa huo umejengwa kwa JavaScript, yaani programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, kuanzia juu hadi chini: kinachokuja kutoka kwenye seva ni ganda tupu, na maandishi yenyewe yanatengenezwa ndani ya kivinjari chako. Links haiendeshi JavaScript. NetSurf inaiendesha kwa kiasi kidogo, kupitia injini ndogo inayoitwa Duktape, lakini kiasi hicho hakifiki kwenye kurasa za namna hiyo. Vivyo hivyo kwa benki, kwa ramani, na kwa maombi mengi ya serikali yanayojazwa mtandaoni. Kwa kazi hizo tumia simu au mashine nyingine.

Hapo ndipo huwa nasikitika. Fomu ya kuingiza namba ya usajili ni visanduku viwili na kitufe kimoja. HTML imejua kufanya kazi hiyo tangu miaka ya 1990, na mashine yako ya mtumba ingeweza kuijaza bila tatizo. Aliyeijenga hakukukusudia vibaya. Alijaribu kwenye mashine yake mpya, ikafanya kazi, akaendelea. Ninawaomba vijana wetu mnaosomea kazi hizi mjaribu kurasa zenu kwenye Links hata mara moja kabla ya kuzitoa. Ukurasa ukisomeka humo, utasomeka popote, na msomaji kipofu anayetumia programu ya kusoma kwa sauti naye atanufaika.

Karani wa chama cha msingi, Tandahimba

Ndugu zangu, nimesoma uzi huu kuanzia juu na una kitu kinachonihusu moja kwa moja. Kwenye ghala letu tunataka kuweka skrini moja ukutani wakati wa msimu wa korosho, ionyeshe bei ya mnada uliopita, tani zilizopokelewa, na tarehe ya mnada ujao. Mkulima akileta mzigo aone mwenyewe badala ya kuuliza dirishani na kujibiwa na mtu aliyechoka. Ukurasa wenyewe kijana wetu ameshautengeneza, nao una JavaScript ya kujibadilisha kila baada ya dakika chache. Tunayo Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye gigabaiti 2. Hatuhitaji kibodi wala kipanya. Je, na sisi tunaweza kuishi bila mfumo wa madirisha?

Fundi, Lindi mjini

Hili naomba nilijibu mimi kwa kuwa nimelifanya. Kwa skrini ya ukutani yenye JavaScript, Links na NetSurf si mahali pake. Mnachohitaji ni WPE WebKit, tawi la WebKit lililoandaliwa kwa vifaa kama visimbuzi vya televisheni, linalotunzwa na kampuni ya Igalia ya Hispania. Injini hiyo ni ya familia moja na ile ya Safari, kwa hiyo kurasa za kisasa inazimudu. Programu ndogo ya kuiendeshea inaitwa Cog, na inaweza kuchora moja kwa moja kupitia mfumo wa DRM wa kiini (njia mpya ya kiini ya kuendesha kadi za michoro), pasipo X wala Wayland:

`cog --platform=drm` ikifuatiwa na anwani ya ukurasa wenu.

Haina sehemu ya kuandika anwani, haina vichupo, haina vitufe. Inafungua ukurasa mmoja na kuujaza kwenye kioo chote, jambo ambalo kwa ghala ndilo hasa linalotakiwa, maana hakuna mpita njia atakayeweza kuupeleka kwingine. Ila mfahamu kwamba uzito wake si wa Links. Injini ni kamili, nayo inataka RAM na inataka kadi ya michoro yenye kiendeshi kizuri. Kwa Raspberry Pi 4 mko salama, lakini mashine za Mwalimu zisingeibeba.

Mwanzisha uzi, Masasi

Namshukuru fundi. Ningeongeza tu kwamba bei na tani ni maandishi na tarakimu, na HTML ya kawaida ina maelekezo ya kujifungua upya kila baada ya sekunde kadhaa bila JavaScript. Kijana wenu akitengeneza toleo la namna hiyo, mkulima mwenye simu ya bei nafuu ataweza kuufungua ukurasa uleule akiwa shambani, bila kula bando lake.

Mchangiaji, Newala

Mwalimu, umesema modemu moja na vocha. Mtandao ukikatika kabisa mnafanyaje? Nakumbuka Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, sisi huku hata ujumbe wa kawaida ulikuwa unachukua dakika kadhaa.

Mwanzisha uzi, Masasi

Wiki ile ndiyo iliyonifundisha. Nyaya za EASSy na Seacom zilikatika tarehe 12 Mei, siku chache tu baada ya kimbunga Hidaya kuharibu barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Lindi, na kwa muda tulijiona kama kisiwa. Nilikuwa na kivinjari kizuri kisicho na cha kufungua.

Baada ya hapo niliweka Kiwix kwenye moja ya zile mashine za gigabaiti 1. Kiwix inachukua Wikipedia nzima ya lugha fulani na kuifunga katika faili moja, na programu yake ya seva, `kiwix-serve`, inaigawa kwa mashine nyingine za chumbani kama tovuti ya kawaida. Nilipakua faili za Kiswahili na nyingine za sayansi nikiwa Mtwara mjini kwenye mtandao mzuri, nikazileta kwa flashi. Sasa mwanafunzi anafungua Links, anasoma kuhusu moyo wa binadamu, anaona mchoro wake, na hakuna hata baiti moja iliyonunuliwa.

Kuna jambo moja la kuangalia. Ukurasa wa mbele wa `kiwix-serve` unafungua makala ndani ya fremu inayotegemea JavaScript, kwa hiyo Links ikielekezwa hapo haifiki mbali. Elekeza kivinjari kwenye anwani ya makala yenyewe, ile inayoanza na `/content/` baada ya jina la seva, na hapo utatembea kutoka makala moja hadi nyingine bila kizuizi. Nimeandika ukurasa mmoja mfupi wa HTML wenye viungo vya masomo yote, na ndio unaofunguka mara mashine inapowaka.

Mwanafunzi wa chuo, Mtwara mjini

Mwalimu, nimesoma mahali kwamba fremubafa inaelekea kuondolewa kwenye Linux. Je, tunajenga juu ya mchanga?

Mwanzisha uzi, Masasi

Swali zuri, na si la kupuuza. Viendeshi vya fremubafa vya mtindo wa zamani havipendelewi tena. Kadi mpya zinaandikiwa viendeshi vya DRM. Lakini viendeshi hivyo vya DRM vinatoa /dev/fb0 ya kuiga, na ndiyo inayotumika kwenye mashine nyingi leo bila mwenyewe kujua. Mwaka 2022 sehemu ya fremubafa ndani ya kiini ilipata msimamizi mpya, Helge Deller, baada ya kukaa kama yatima. Kilichopotea kweli ni kule kupandisha maandishi ya konsoli kwa Shift na PageUp, kulikoondolewa katika toleo la 5.9 mwaka 2020, na mimi bado vidole vyangu vinakukumbuka.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni biti 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kiini wala kisakinishi kwa mashine hizo. Ndiyo maana nimebaki Debian 12, ambayo masahihisho yake ya usalama ya muda mrefu yanafika Juni 2028. Ninao muda huo wa kutafuta mashine nyingine, na wanafunzi wa kidato cha kwanza wa leo wanao muda wa kusoma.

Fundi, Lindi mjini

Nimerudi kutoa taarifa. Nimemwingiza mteja kwenye kundi la `video`, nimetoka na kuingia upya, nimewasha `gpm`. Imefunguka kwa mtumiaji wa kawaida, kipanya kinasogea. Nimepiga picha ya kioo kwa amri ya `fbgrab` ili niwaonyeshe, nami nimemwachia mteja ukurasa wa hali ya hewa ukiwa wazi kwa sababu ana mashua mbili. Sasa nataka na Kiwix, lakini kwa mtandao wa hapa kwangu faili zile zitachukua wiki.

Mwanzisha uzi, Masasi

Usizipakue. Jumamosi nashuka Lindi kwa basi la asubuhi. Andaa flashi iliyofomatiwa kwa ext4 au exFAT na si FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, na moja ya faili ninazokuletea imezidi hapo.

Fundi, Lindi mjini

Nitakuwa stendi kuanzia saa nne.